Soma Pete ya Lenzi, Boksi Liache: Mhadhara Kuhusu Kamera Ndogo kwa Mfuko Mdogo

Asanteni kwa kufika. Mliokaa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, siumi mtu.

Kabla sijataja kamera yoyote, naomba kila mmoja atoe simu yake afungue picha za miezi michache iliyopita. Zile nzuri ziruke. Tafuta ile iliyokuudhi. Mwingine atakuta mtoto wake yuko jukwaani lakini mdogo kiasi kwamba lazima uelekezwe kwa kidole. Mwingine atakuta watu wamesimama usiku, nyuso nyeusi, chenga tupu. Mwingine atakuta mchezaji ameacha mstari badala ya mguu. Hiyo picha mbovu ndiyo itakayokuchagulia kamera. Kama hukuipata hata moja, hongera, rudi nyumbani na pesa zako.

Sitanii. Nyuma ya kila lenzi kuna kibamba kinachopokea mwanga, ndicho tunachokiita kihisi. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini hubeba kihisi kinachoandikwa 1/2.3, ambacho kwa rula ni kama milimita 6.2 kwa 4.6. Simu nyingi nzuri za sasa zina kihisi kikubwa kuliko hicho, tena zinapiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuzichanganya kuwa moja. Kwa hiyo mtu anayenunua kamera mpya ya bei ya chini ili apige watu waliosimama mchana kweupe, anatoa pesa kununua kitu ambacho tayari anacho mfukoni.

Kamera ndogo inaishinda simu mahali pachache, na pachache hapo ndipo pa kuweka pesa. Kwanza kuna kuvuta kitu cha mbali kwa vioo vyenyewe, vinavyosogea ndani ya lenzi. Kisha flashi ya kweli, ile ya gesi ya xenoni, inayolipuka kwa muda mfupi mno na kumgandisha mtu anayecheza ngoma, wakati taa ya simu ni kitochi tu. Na ukipanda daraja kidogo, unapata kihisi kikubwa pamoja na lenzi inayofunguka sana, yaani inayoingiza mwanga mwingi. Hayo mengine, kama rangi ya mwili, skrini ya kugusa na majina ya madoido, ni mapambo.

Sasa tuingie kwenye namba iliyowapotosha wengi, megapikseli, yaani hesabu ya pikseli, vile vitone vinavyounda picha, kwa mamilioni. Fikirieni shamba moja la urithi. Ukiligawa kwa watoto kumi kila mmoja anapata kipande cha kulima. Ukiligawa kwa watoto arobaini shamba halijaongezeka hata hatua moja, vipande tu ndivyo vimekuwa vya kusimama mguu mmoja. Kihisi ni hivyohivyo. Megapikseli zikizidi juu ya kihisi kilekile, kila pikseli inapata eneo dogo zaidi la kupokelea mwanga, na kwenye giza kila moja inabaki na mwanga kiduchu wa kufanyia kazi.

Watengenezaji wanalijua hili vizuri. Mwaka 2008 Canon ilitoa PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata ikaja G11, ambayo kwa hesabu za matangazo ingepaswa kupanda. Ikashuka hadi 10, kihisi kikiwa cha ukubwa uleule, kwa sababu walitaka picha safi zaidi kwenye mwanga hafifu. Kampuni inayouza kamera ikikubali kushusha namba ambayo wateja wote wanaitazama, mjue kuna jambo.

Halafu jiulize picha zako zinaishia wapi. Kusafisha picha ya sentimita 10 kwa 15, kwa ubora wa kawaida wa maabara wa nukta 300 kwa inchi, kunahitaji megapikseli zipatazo 2. Karatasi nzima ya A4 kwa ubora huohuo inahitaji kama 9. Skrini ya Full HD haionyeshi zaidi ya 2. Kamera ya megapikseli 10 ya mwaka 2010 inatosha kabisa kwa maisha ya picha ya watu wengi waliomo humu ndani.

Basi tuangalie nini? Angalia pete ya mbele ya lenzi. Muuzaji anaweza kuongea mpaka kesho, lakini ile pete imeandikwa kiwandani na haibadiliki. Chukueni mfano wa Canon S95 ya mwaka 2010. Kwenye pete yake imeandikwa 6.0-22.5mm, kisha 1:2.0-4.9. Zile namba mbili za milimita za mwanzo zinakwambia lenzi inasogea kweli, na ukigawanya kubwa kwa ndogo unapata inavuta mara ngapi: 22.5 kwa 6 ni kama mara 3.8. Ukikuta milimita ya namba moja tu, lenzi hiyo haivuti. Na kama ubavuni imebandikwa "16x", basi hiyo ni zumu ya kidijitali, yaani kamera inakata katikati ya picha na kuitanua. Kazi hiyo unaifanya mwenyewe baadaye kwenye simu, bure.

Zile namba za pili, zinazoanza na 1:, ndizo ninazozipenda. Zinaeleza tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mwanga unavyoingia mwingi. Namba ya kwanza ni ukiwa hujavuta, ya pili ni ukiwa umevuta hadi mwisho, na wauzaji hupenda kukuonyesha ile ya kwanza tu. Olympus XZ-1 ya mwaka 2011 ni 1:1.8-2.5. Kamera nyingi za bei ya chini za miaka hiyo huishia 6.9 au karibu na hapo. Tofauti ya 2.5 na 6.9 inaonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu, kwa sababu mwanga hupimwa kwa kipeo cha pili cha namba hizo. Inakuja zaidi ya mara 7. Yaani ukumbini, umemvuta mtoto wako jukwaani, yule wa 2.5 anapiga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde na uso unatoka. Jirani yake wa 6.9, kwa ISO ileile, yaani kiwango kilekile cha wepesi wa kamera kwa mwanga, yuko kwenye sehemu moja ya 8 ya sekunde. Kizuia mtikisiko kitamsaidia kwa mkono wake unaotetemeka, lakini hakiwezi kumtuliza mtoto anayeruka. Akipandisha ISO, chenga zinamngoja.

Ukiwa na pete kichwani, ongeza swali moja: kihisi kina ukubwa gani? Hicho hakiandikwi kwenye pete, kitafute kwenye maelezo ya kamera. Kile cha 1/2.3 kina milimita za mraba zipatazo 28. Cha 1/1.7, kilichomo kwenye S95, kina kama 43, na cha XZ-1 na Panasonic LX5 kinakaribiana nacho. Kinachoitwa cha inchi 1 kina 116. Msije mkapima kwa rula mkadhani mmeibiwa, maana hakuna upande wake hata mmoja unaofika inchi. Majina hayo ni masalia ya zama za mirija ya kamera za video, ambapo inchi ilikuwa upana wa mrija kwa nje. Sony RX100 ya mwaka 2012 ndiyo iliyofanya kihisi hicho kiwe jambo la kawaida kwenye kamera ya kuingia mfukoni, na ile ya kwanza kabisa bado inapiga picha ambazo kamera mpya ya bei ya chini haizigusi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Wenye pesa kidogo wanunue kamera kuukuu ya daraja la juu, waiache mpya ya daraja la chini. Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda. Na kuukuu ziko tele. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Zile za 2010 hazikuyeyuka. Zimo kwenye droo za watu, nyingi hazikufanya kazi kiasi cha kuchoka.

Tahadhari moja: mitandao imezipandisha bei baadhi. Canon G7 X inatafutwa na kila kijana, bei yake haina adabu. Lakini G9 X ina kihisi cha ukubwa uleule, na jina lake halijavuma hivyo. Jina likishavuma, mwache mwingine alilipie.

Mtu mwenye kamera kuukuu mkononi aikague hivi, mbele ya muuzaji, bila haya. Iwashe na kuizima mara kadhaa ukisikiliza. Lenzi itoke na kurudi kwa sauti moja. Ukisikia kukwaruza au ikasita, irudishe. Vuta hadi mwisho, rudi. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kwa pembeni. Vumbi kidogo halina neno, lakini nyuzinyuzi zinazosambaa ni ukungu, na ukungu huendelea kukua. Piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la lenzi, namba 8 (huandikwa f/8) kama ipo, uone madoa. Lenzi ya kamera hizi haibanduki, doa lililo kwenye kihisi linataka fundi aivunjevunje. Kisha bandika ukurasa wa gazeti ukutani, upige ukiwa umenyooka nao. Kamera iliyoanguka hujisema hapo: maandishi ya upande mmoja yanasomeka, ya upande wa pili yamelegea. Huo ukurasa wa gazeti umewaokolea watu pesa nyingi kuliko ushauri wangu wote.

Fungua mlango wa betri. Kitasa chake kikiwa kimekatika, utaishi na kipande cha gundi. Uliza menyu, kwani baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina Kijapani tu. Uliza kadi pia. Kamera za kabla ya 2006 kwa kawaida hazisomi SDHC, zile kadi za SD zenye nafasi kubwa, zinaishia kadi za gigabaiti 2, na zile zinazotumia kadi za aina ya xD au Memory Stick zitakusumbua kuzitafutia kadi. Kwa kamera za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna jambo zaidi: mwaka 2005 kampuni kadhaa zilitangaza kutengeneza bure kamera zenye vihisi vya CCD, aina ya zamani ya kihisi, vilivyokuwa vikiharibika, hasa penye joto na unyevunyevu. Muda wa msaada huo umeshapita, kwa hiyo piga picha na uitazame papo hapo.

Kamera iliyosemwa haiingii maji? Ikiwa kuukuu, usiitie majini. Mpira wa kuzibia huzeeka.

Anayetaka mpya kwa sababu ya dhamana, simkatazi. Zipo za jina la Kodak, PIXPRO, zinazotengenezwa kwa leseni na JK Imaging. Nyingi ni za 1/2.3, mchana zinatosha, na FZ45 inatumia betri za kawaida za AA. Ila zile zisizo na jina, zenye "48MP" na "4K" kwa herufi kubwa kifuani, zikimbieni. Nyingi megapikseli zake zimetanuliwa na programu. Na usimalize bajeti kwenye mwili wa kamera: tenga ya betri ya akiba na kadi isiyo ya bandia.

Maswali? Dada pale ameuliza kama ni kweli kamera za CCD zina rangi nzuri zaidi. Rangi unazozipenda zinatokana zaidi na jinsi kamera ilivyopangwa kuchakata picha, na ile flashi kali ya usoni. CMOS, aina ya kihisi iliyochukua nafasi ya CCD, ya miaka hiyohiyo inaweza kukupa sura hiyo. Usiongeze bei kwa ajili ya herufi tatu.

Na mzee anauliza, akikosa hiyo ya daraja la juu, asubiri au achukue iliyopo? Mzee wangu, inategemea unapiga wapi. Kama ni nje, mchana, chukua hiyo ya kawaida, hutajuta. Kama ni ukumbini, subiri. Na kama shughuli ni wiki ijayo, azima ya mtu, maana muuzaji akikuona una haraka bei inapanda ukiwa umesimama palepale.