Milango Iliyozaliwa na Fremu: Historia ya Mercedes-Benz 300 SL

Mabibi na mabwana, gari ninalowaletea jioni hii lina milango miwili na paa la chuma lisilofunuka. Muundo huo Wafaransa waliupa jina ambalo masikioni mwetu husikika kama kupe, nami nawaomba radhi wafugaji mliomo ukumbini, kwa kuwa kwenu kupe dawa yake ni josho, ilhali huyu wa Wajerumani aliuzwa kwa maki 29,000.

Anayeiona 300 SL kwa mara ya kwanza huitazama milango yake, ambayo bawaba zake zimefungwa kwenye paa, nayo ikifunguliwa huinuka kama mabawa ya shakwe anayetaka kuruka. Wengi hudhani kwamba mchoraji fulani aliibuni ili kuwashangaza matajiri. Sivyo hata kidogo. Milango hiyo ililazimishwa na fremu.

Daimler-Benz, kampuni iliyounda magari ya Mercedes-Benz, iliporejea mashindanoni mwaka 1952, miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili, haikuunda injini mpya. Ilichukua injini ya silinda 6 ya gari lake kubwa la 300, lile lile alilotumia Kansela wa Ujerumani Magharibi, Konrad Adenauer, na injini hiyo ilikuwa nzito. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut akaona kwamba, ikiwa uzito haupunguziki kwenye injini, basi utapunguzwa penginepo, akaunda fremu ya mabomba membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu, ambamo kila bomba huvutwa au husukumwa lakini halipindwi, na fremu nzima ikawa na uzito wa takriban kilo 50. Gharama yake ilikuwa moja: ili fremu iwe imara, mabomba ya ubavuni yalipaswa kupita juu, pale pale ambapo mlango wa kawaida ungekaa. Mlango ukabaki na mahali pamoja tu pa kufungukia, napo ni juu.

Mwaka huo huo Hermann Lang na Fritz Riess walishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa, kisha Karl Kling na Hans Klenk wakashinda mashindano ya barabarani ya Carrera Panamericana huko Meksiko, ijapokuwa tai mla mizoga aliparamia kioo cha mbele, akakivunja na kumjeruhi Klenk. Waliendelea na safari, na mbele ya kioo zikafungwa fito za chuma.

Huenda gari lingebaki la mashindano tu kama si Max Hoffman, mfanyabiashara mzaliwa wa Austria aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya mjini New York. Yeye aliwashawishi wakuu wa kampuni huko Stuttgart kwamba Wamarekani wangelinunua, na Februari 1954 gari la barabarani likaoneshwa kwa mara ya kwanza huko huko New York, si Ujerumani.

Hapa naomba tukae kidogo, maana chini ya boneti ndiko kwenye makuu zaidi. Injini ya sentimita za ujazo 2,996 ililazwa upande ili boneti iwe chini, na mahali pa kabureta za mwaka 1952 pakawekwa pampu ya Bosch iliyoingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nguvu zikafikia farasi 215, na hili likawa gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lenye injini ya mipigo minne yenye mfumo huo. Lakini pampu hiyo ilikuwa na tabia mbaya: dereva akizima gari, iliendelea kusukuma petroli hadi injini isimame kabisa, na petroli hiyo isiyoungua ilisafisha oili kwenye kuta za silinda, kisha ikashuka kuchanganyika na oili iliyobaki na kuizimua. Aliyetumia gari kwa safari fupi za mjini alilazimika kubadilisha oili mara kwa mara.

Ekseli ya nyuma nayo ilikuwa ya kuyumba, yaani kila nusu yake ilipanda na kushuka peke yake pamoja na gurudumu lake, hivyo aliyeondoa mguu ghafla kwenye mafuta akiwa katikati ya kona aliweza kuona mkia wa gari ukimpita. Usukani ulikunjwa ili dereva aweze kuingia, na vioo vya milango havikushuka. Wakati wa joto, waliokuwamo walitokwa jasho.

Kuanzia 1954 hadi 1957, kiwanda cha Sindelfingen kilitoa magari 1,400 ya namna hii, 29 kati yake yakiwa na bodi ya alumini, na sehemu kubwa ilivuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1957 likaja lile la wazi lisilo na paa la kudumu, likatengenezwa hadi 1963 na kufikia 1,858. Kwa kuwa bawaba hazikuwa tena na paa la kushikilia, wahandisi waliichora upya fremu, wakayashusha mabomba ya ubavuni, na milango ikafunguka kwa pembeni kama ya gari lolote.