Kiporo cha Bando la Nyumbani

Ndugu mafundi na wenye mitandao midogo ya majumbani, mteja amelipia GB 100 za Machi, ametumia 70. Zile 30, kiporo chake, ziende wapi?

Wengi mnahofia kwamba mkimwachia azitumie Aprili mtakula hasara. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Ninyi hamnunui GB. Mnanunua upana wa njia, kwa megabiti kwa sekunde, na upana huo hupangwa na zile saa mbili hadi saa tano usiku, watu wote wakiwa nyumbani. GB 100 zikitandazwa sawasawa ndani ya siku 30 ni megabiti 0.31 tu kwa sekunde. Anayekula kiporo chake saa nane mchana hawaongezei gharama yoyote. Wa saa tatu usiku ndiye mwenye gharama, na huyo anawabana hata akila cha moto, yaani bando jipya la mwezi.

Sasa tuje kwenye kinachoamua mambo yote: aanze kiporo, au aanze cha moto? Mteja wetu ana 30 za Machi na 100 za Aprili, na Aprili anatumia 110. Akianza kiporo, anamaliza zile 30, anachukua 80 za Aprili, anaingia Mei na 20 mkononi. Akianza cha moto, anamaliza 100 za Aprili, anadonoa 10 za Machi, na 20 zilizobaki zinakufa Aprili ikiisha. Mei anaingia mikono mitupu. Bando ni lile lile, matumizi ni yale yale, tofauti ni GB 20. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilipoleta utaratibu huu Januari 2015, data iliyohamishwa ililiwa mwisho na iliishi mwezi mmoja tu. Kwenye tangazo ni zawadi. Kwenye hesabu, mteja asiyevuka bando lake hanusi hata GB moja.

Basi pangeni kiporo kwanza, uhai wa mwezi mmoja. Mtauliza, je, salio halitarundikana? Fuateni yule wa GB 70 kila mwezi. Machi anabakiza 30, Aprili 60, Mei 90, Juni 100, na hapo panaganda, kwa sababu kuanzia Juni kiporo chenyewe kinaanza kuchacha kabla hakijaisha. Kwa mpango huu salio la kuhamishwa haliwezi kuzidi bando moja zima, hata msipoweka kikomo. Hasara ya kweli ni hii: ikifika Julai mteja anaona ana 200 na anatumia 70, anashuka kwenye bando dogo. Mapato yenu yatapungua. Yahesabuni kabla ya kutangaza, msije mkafuta huduma baada ya miezi minne na kuondoka na aibu.

Mitambo nayo ina mitego yake. Kaunta ya biti 32 kwenye RADIUS, mfumo unaowaingiza wateja mtandaoni na kurekodi matumizi yao, hujaa ikifika baiti 4,294,967,296, kisha inarudi sifuri. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde ikivuta mfululizo huijaza kwa chini ya nusu saa. Idadi ya mara ilizojaa huletwa kando, kwenye sehemu iitwayo Acct-Output-Gigawords. Programu ya bili isiposoma sehemu hiyo, aliyepakua GB 9 anaonekana ametumia 0.4, na mnamhamishia data aliyokwisha kuila.

Kisha ruta za nyumbani hazizimwi. Muunganisho mmoja unaweza kudumu wiki tatu, na ukisubiri ukatike ndipo uhesabu, matumizi yake ya Machi yanaangukia Aprili. Wekeni taarifa za kati, yaani kaunta isomwe kila dakika 10 laini ikiwa bado hewani, mtoe kipimo cha mwisho cha Machi kwenye vipimo vinavyofuata. Kukata laini za watu saa sita usiku ili hesabu ifungwe ni uvivu. Tazameni pia saa ya seva: ikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, mwezi wenu wa Afrika Mashariki unafungwa saa tisa usiku.

Anayechelewa kulipa mpeni siku 7 kiporo chake kikiwa kimefungwa, kisifutwe. Akilipa siku ya tatu anakikuta. Mhasibu naye aambiwe mapema kwamba fedha ya GB zilizohamishwa bado ni deni la huduma, haijawa mapato yote.

Afrika Kusini tangu 2019 kanuni zinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja akifika asilimia 50, 80 na 100 ya bando. Igeni hilo hata kama hamjalazimishwa, lakini ujumbe utenganishe mafungu: “Una GB 130. GB 30 za Machi, mwisho 30 Aprili. GB 100 za Aprili, mwisho 31 Mei.” Mkiandika 130 tupu, asubuhi ya tarehe 1 Mei simu ya ofisi haitapumzika.