Mnaoniuliza Kuhusu Mikataba ya Gesi Oman na Ajira: Jibu Langu Hili Hapa

Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Leo hakuna mapishi wala matembezi ya Mutrah hapa Maskati. Nimekaa kujibu swali moja tu, maana limejaa kwenye maoni mpaka linanifuata kwenye simu: "Dada, tumeona kwenye taarifa ya habari Oman inasaini na wageni mikataba ya nishati ya mabilioni ya dola. Nafasi zinatoka lini? Tupe namba ya mtu."

Na najua yatakayofuata. Nikisema kazi zipo, nitaambiwa najishaua na Maskati yangu. Nikisema ni ngumu, nitaambiwa yeye keshafika, sasa anawafungia wenzake mlango. Yote mawili nimeshaandikiwa, tena na watu wa mtaani kwetu. Kwa hiyo kwanza mjue nimesimama wapi. Nafanya kazi ya hesabu kwenye kampuni ndogo ya ukandarasi. Tunakodisha majukwaa ya chuma, yale wanayosimamia mafundi wakijenga juu, na tunapeleka mafundi kwenye miradi ya mafuta na gesi. Ankara zinapita mikononi mwangu. Sikai kwenye meza za mawaziri, lakini wakikubaliana au wakishindwana, mimi nalijua kwenye mshahara.

Haya. Mnachokiona kwenye televisheni, wakubwa wawili, bendera mbili, kalamu na kupeana mikono, mara nyingi ni hati ya makubaliano ya awali. Pande mbili zinaahidiana kuendelea kuzungumza. Siku hiyo hakuna anayeajiriwa, na hakuna shilingi iliyotoka benki.

Chukueni gesi ya Sohar, ambayo ndiyo mnaniuliza sana. Mei 2018 Total ya Ufaransa pamoja na Shell walisaini hati ya awali na serikali ya Oman. Mazungumzo yakaenda, bei ya mafuta ikaanguka, korona ikapita. Haki ya kuchimba kwenye Kitalu namba 10 waliipata Desemba 2021. Gesi ikaanza kutoka Januari 2023. Kisha ule mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, Marsa LNG wa hapo Sohar, ambao TotalEnergies (ndiyo ileile Total, imebadili jina) wana asilimia 80 na OQ, kampuni ya serikali ya hapa, ina asilimia 20: uamuzi wa mwisho wa kuwekeza, yaani wenye mradi kujifunga kweli kutoa pesa, ulitangazwa Aprili 2024. Uzalishaji unatarajiwa mwaka 2028. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ile hati inasainiwa atakuwa yuko sekondari. Sasa mtu ananiandikia usiku, "wamesaini jana, wanaajiri lini?" Namjibuje?

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Duqm, kwenye pwani ya hapahapa Oman, ni vilevile. Mbia wa kwanza alitoka Abu Dhabi, akajitoa. Wakuwaiti wakaingia mwaka 2017, nusu kwa nusu na Waomani. Ujenzi ukazinduliwa Aprili 2018, na ufunguzi rasmi ukafanywa Februari 2024, Sultani Haitham na Amir Mishal wa Kuwait wakiwa pamoja. Mapipa 230,000 kwa siku, si mchezo. Lakini hapa nataka mnielewe vizuri: kazi nyingi za kiwanda kama hicho ziko wakati wa kujenga. Wachomeleaji, mafundi bomba, wafunga majukwaa, madereva, wapishi wa kambi. Mabomba yakishajaa mafuta, wale wote wanafunga mizigo, wanabaki wahandisi na waendesha mitambo. Kwa hiyo habari ya ufunguzi mliyonitumia kwa furaha, kwa fundi ilikuwa habari ya kuondoka.

Mnauliza, kwani Oman wanatafuta wageni wa nini na mafuta wanayo? Mafuta wanayo, lakini si kama ya jirani zao, na kuyatoa ardhini hapa ni gharama. Mwaka 2020 bei ilipoanguka deni la nchi lilipanda vibaya. Sheria ya uwekezaji walishaibadilisha hata kabla ya hapo: tangu Januari 2020 mgeni anaweza kumiliki kampuni kwa asilimia 100 kwenye sekta nyingi. Wakaanzisha na kampuni ya serikali, Hydrom, mwaka 2022 kusimamia haidrojeni ya kijani, ile inayotengenezwa kwa umeme wa jua na upepo, shabaha ikiwa tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Aprili 2025 Sultani akaenda Uholanzi, na huko ukasainiwa mpango wa kusafirisha haidrojeni kutoka Duqm hadi Amsterdam, halafu Duisburg, Ujerumani. Na kinachochelewesha mazungumzo haya mara nyingi ni mnunuzi. Ardhi ipo, jua lipo kila siku ya Mungu. Lakini kama hakuna anayefunga mkataba wa kununua kwa miaka mingi, kwa bei inayojulikana, benki haikopeshi. Benki isipokopesha, bosi wangu hapati oda ya hata bomba moja la jukwaa.

Sasa ajira. Oman inapozungumza na wawekezaji, jambo moja hailiachi: vijana wake wapate kazi na kampuni zake zipate zabuni. Wana haki. Mei 2021 vijana wa hapa waliingia barabarani kudai kazi, na walianzia Sohar, mji huohuo wa gesi. Mkandarasi mkubwa anapimwa ameajiri Waomani wangapi na amenunua kiasi gani ndani ya nchi. Kuna orodha ya kazi ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya, na mwaka 2024 Wizara ya Kazi iliirefusha tena. Mwomani kwenye sekta binafsi ana kima cha chini cha riali 325 kwa mwezi. Mgeni hana kima cha chini. Mshahara wako ni ule ulioandikwa kwenye mkataba wako, basi. Riali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo ukiibadilisha kwa shilingi inapendeza sana, lakini nyumba, chakula na nauli utalipa kwa riali.

Na makaratasi, jamani! Hapa lazima niseme maana linaniuma. Cheti changu cha uhasibu kilizunguka kama mwali: muhuri wa huku, muhuri wa kule, wizara, ubalozi, tafsiri ya Kiarabu, na kila dirisha na ada yake. Ofisi moja ikanirudisha kwa sababu jina langu la tatu kwenye cheti lina herufi moja tofauti na la kwenye pasipoti. Herufi moja! Mama aliuza vitu vyake ili nilipe ada hizo upya, na hakuna aliyeniambia pole. Tena ningekuwa nimelipa wakala juu yake sijui ingekuwaje.

Jambo la pili linaloniumiza ni malipo. Mwenye mradi anamlipa mkandarasi mkuu, mkandarasi mkuu anamlipa wa pili, wa pili anatulipa sisi wadogo. Kila mmoja anashikilia kidogo. Kuna miezi mimi ndiye ninayewaambia mafundi wasubiri, watu wazima wenye watoto wananitazama usoni, na mshahara wangu mwenyewe nao haujaingia. Siku hizohizo simu ya nyumbani inalia: "Tumesikia huko mmepata mabilioni, mbona umenyamaza?" Ndugu zangu, yale mabilioni ni thamani ya mradi. Ni mitambo, meli, riba za benki. Hayakupita kwangu.

Wengine mnaandika, "wenzetu wanasaini, sisi tumelala." Hapana, na sisi tumesaini. Juni 2022 Tanzania ilisaini makubaliano ya awali na Equinor ya Norway na Shell kuhusu gesi ya Lindi, na mwezi huohuo Rais Samia akaja huku Maskati. Gesi ile ilianza kugunduliwa mwaka 2010. Mazungumzo yamekuwa marefu, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza bado. Kwa hiyo mnapouliza ya Oman, ulizeni na ya Lindi maswali hayohayo: nani amejifunga kununua, nani ameweka pesa, fundi wa Mtwara ameandikwa wapi kwenye mkataba. Mimi ningependa siku moja nifanye hesabu za mradi wa kwetu, karibu na mama yangu. Natamani sana.

Haya, ushauri. Nasema haya ni ya kwangu mimi, kwa kazi yangu na bahati yangu. Yupo aliyekuja kwa njia nyingine akafanikiwa, na sitabishana naye kwenye maoni. Mimi singetoa pesa kwa sababu ya habari ya kusaini. Ningesubiri watangaze uamuzi wa mwisho wa kuwekeza, na mkandarasi wa ujenzi ajulikane, maana anayeajiri fundi ni mkandarasi, na mara nyingi ni wale wa chini yake. Wakala ningemuulizia TaESA, ule wakala wa serikali wa huduma za ajira Tanzania, kama ana leseni, na wa Zanzibar waulize kamisheni ya kazi kwao. Mkataba ningetaka kuuona kabla ya viza, nisome jina la mwajiri, mshahara kwa riali, nani analipa nyumba na tiketi ya kurudi.

Na yule kaka wa Tanga aliyeniandikia kwamba ameambiwa auze kiwanja leo kwa sababu "nafasi za Duqm zinafungwa Ijumaa": kaka, usiuze. Nitumie jina la kampuni kwa ujumbe wa pembeni. Kazini nina namba za wakandarasi wengi wa kule, nitawapigia mwenyewe kuuliza kama wanaijua.