Jipu la koo lilinilaza spitali Ramadhani hii, mama yangu alioko Wete, Pemba, ndo alieligundua

Assalaam alaykum jamani, watu wangu wa Wete, Chake, Mkoani, Unguja na popote mulipo. Mumeniona kimya wiki mbili, wengine mumeniandikia mpaka mukachoka, samahanini sana. Nlikuwa mgonjwa, nimelazwa, na leo ndo siku ya kwanza naweza kukaa mbele ya kamera nikazungumza bila ya kuumia.

Ilianza kwenye daku. Koo linawasha tu, nikasema baridi hiyo, huku London mwezi wa tatu bado baridi kweli na mie natoka kazini usiku. Nikasukutua maji ya chumvi, nikanywa tangawizi na asali, nikafunga. Siku ya pili limezidi, nikapiga simu kliniki, nikazungumza na mtu dakika chache, akanambia virusi hivyo, kunywa panadoli na maji. Na hapa nataka niseme haki, koo nyingi kweli ni virusi na zinapoa zenyewe ndani ya wiki, antibayotiki haizisaidii kitu, kwa hivyo neno lile kwa siku ya pili halikuwa kosa. Kinachoniuma ni kwamba hakuna alieniangalia. Koo haliangaliwi kwa simu. Wala hakuna alienambia nikiona dalili gani nirudi.

Siku ya nne maumivu yote yakahamia upande wa kushoto. Kulia hakuna kitu, kushoto moto, mpaka sikio la upande ule linauma na shingo siwezi kuigeuza. Homa juu. Magharibi ikaingia nikatia tende mdomoni ikanishinda, maji yakanishinda, mate yangu mwenyewe nayatema kwenye kikombe.

Sasa huko kwenu saa ile mumeshatoka tarawehe, maana wakati ule tulikuwa tunapishana saa 3. Mama akanitumia voisi kama kawaida yake, nami nikamjibu kwa voisi, maneno mafupi tu, mzima mama, koo kidogo. Hata dakika haikupita anapiga video. "Mbona unasema kama umetia tonge la moto mdomoni? Hebu fungua nikuone." Nikafungua, jamani haukufunguka, kidole kimoja kinapita kwa tabu. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, mafindofindo hayafungi mtu mdomo. Hilo jipu hilo. Vaa nguo utoke sasa hivi." Mama hakusomea udaktari, ila mjomba wangu yalimkuta hayo hayo zamani, wakamkalia nyumbani kwa dawa za kusukutua mpaka likapasuka lenyewe usiku amelala, akaamka anapaliwa na usaha. Mungu tu alimnusuru.

Nikenda emajensi. Kusema siwezi tena, nikaandika kwenye simu nikawaonesha: siwezi kumeza mate yangu, mdomo haufunguki. Maneno hayo mawili ndo yalionitoa kwenye foleni, kumbe wao wanayajua maana yake, ni kuwa njia ya pumzi inaweza kuziba. Na nyie mulioko huku ambao Kiingereza bado, ombeni mkalimani wa Kiswahili, anapatikana kwa simu na hulipi kitu, musikubali kutikisa kichwa kwa jambo hamukulifahamu.

Akaja dokta wa masikio, pua na koo, mwanamke kijana, taa kichwani. Aliangalia mara moja tu akajua. Findo la kushoto limevimba na limesukumwa katikati, na kimio changu, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, kimeinamia kulia. Akanchorea kwenye karatasi: bakteria wametoka kwenye findo wakaingia kwenye nyama ya pembeni, usaha ukajikusanya pale, na jirani yake pana msuli wa kutafunia, ukishaguswa na ule uvimbe unakaza, ndo mdomo unafunga. Akanambia vidonge peke yake haviwezi, dawa haipenyi vizuri ndani ya usaha, lazima utoke. Na ukiachwa unaweza kushuka shingoni mpaka kifuani.

Nliogopa sana, siwafichi. Akanipulizia dawa ya ganzi, chungu ile hata sijui niifananishe na nini, akangoja, akaingiza sindano. Nlimshika nesi mkono nadhani nlimuumiza. Akavuta, bomba la sindano likajaa usaha wa manjano, harufu yake naisikia mpaka leo, halafu akapasua kidogo nikatema nikatema kwenye bakuli. Na wallahi, hapo hapo, kabla hata ya dripu, nikameza mate. Nikalia. Kumeza mate jamani, kitu tunafanya siku nzima hata hatukijui.

Wakanilaza siku mbili, dripu ya maji, antibayotiki mbili za mshipa, penisilini na metronidazo, na dawa moja ya kupunguza uvimbe. Palikuwa na nesi wa Kisomali, asubuhi aliniona nimeusukuma uji, akajua kwa nini. Akanambia dada, mgonjwa keshapewa ruhusa ndani ya Qur-ani, utalipa siku nyengine, kula. Nikala. Mie siku zile nne za mwanzo nlijikaza na saumu mpaka nikakaukiwa na maji mwilini, dokta alikasirika kweli, na alikuwa na haki.

Na gharama mutaniuliza. Spitali sikutoa pesa. Lakini si bure kama watu wanavyosema, mwenye viza ya kazi kama yangu analipa pauni 1,035 kwa kila mwaka, tena mbele, kabla viza haijatoka.

Sasa nyie wa nyumbani. Jambo nimeliwaza sana kitandani ni kile kimio. Kwetu mtoto koo likimuuma bado wako watu wanasema kimio kimeshuka, apelekwe akakatwe. Changu mie kilipinda kweli, kila mtu angekiona, na hakikuwa na kosa lolote, kilikuwa kinasukumwa. Wangalikikata, jipu lingebaki pale pale na mie natoka damu. Nakuombeni, musiwakate watoto.

Na hii ya kununua vidonge vinne vya antibayotiki dukani, koo likipoa siku ya pili mtu anaviweka viliobaki kwa ajili ya mwengine, iacheni. Kuna bakteria wa koo, kwa watoto wa skuli hasa, miaka 5 mpaka 15, wakiachwa bila ya kutibiwa wanaweza kumletea baridi yabisi inayokula vali za moyo. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tokea koo kuanza kuuma inaweza kuizuia, lakini inywewe mpaka imalize. Kwa hivyo mtoto mwenye homa na koo mpelekeni spitali ya Wete, mpelekeni Chake, au Abdalla Mzee kule Mkoani, popote palipo karibu, aangaliwe koo kwa taa. Na mtu mzima ukiona upande mmoja, mdomo unafunga, sauti imebadilika, mate yanakushinda, musingojee kuche. Wakiona lazima uvuke kwenda spitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, ujue boti haiondoki kila saa, ndo maana nasema wendeni mapema.

Mama jana nimemtumia voisi ndefu, ameisikiliza yote kisha akajibu neno moja tu, "sasa ndo wewe."

Haya, simu inalia hapa, saa ya kidonge changu, nimebakisha siku 3 na naondoka kwenda kukinywa. Komenti zenu ntazijibu usiku inshaallah.