Anayekuwahi Ndiye Mwenyeji Wako

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia mlo wa ufukweni ambao mabaharia wa yoti huandaliwa na wenyeji wa visiwa, na mwenzangu, ambaye ni mzaliwa wa Pemba, aliwahi kuula mbali sana na kwao, katika kisiwa cha Palmerston, kwenye Visiwa vya Cook. Nahodha, shikamoo.

NAHODHA: Marahaba, Mwalimu. Wakati ule nilikuwa mpishi tu, katika yoti iliyokuwa ikivuka Pasifiki kutoka Bora Bora kwenda Tonga. Palmerston ni kisiwa cha matumbawe kilichoko takriban kilomita 500 kaskazini-magharibi mwa Rarotonga, kisiwa kikuu cha Visiwa vya Cook. Hakina kiwanja cha ndege, na meli ya shehena hufika mara chache tu kwa mwaka. Mwamba umekizunguka pande zote, na milango yake ni myembamba mno kwa yoti, kwa hiyo chombo hufungwa kwenye boya nje ya mwamba, upande wa magharibi, ambako kisiwa chenyewe kinaukinga upepo wa mashariki. Upepo ukigeuka usiku ukavuma kutoka magharibi, mwamba unakuwa nyuma yako, na la kufanya ni kufungua kamba na kuondoka.

MWALIMU: Basi mgeni hushukaje, na hujuaje kuwa ni mgeni wa nani?

NAHODHA: Hapo ndipo penye utaratibu wao. Wakazi hawafiki mia moja, na karibu wote ni uzao wa Mwingereza William Marsters, aliyehamia pale mwaka 1863 pamoja na wake zake wa Kipolinesia, kisha akakigawa kisiwa katika mafungu matatu kwa uzao wa kila mke. Tanga likionekana, boti hutoka mbio, na anayekifikia chombo kwanza ndiye mwenyeji wa waliomo. Yeye ndiye atakayewavusha mwamba, atawalisha kwake na kuwarudisha chomboni jioni, na si adabu kumwacha mkaenda kula kwa jirani.

MWALIMU: Ukinieleza hivyo ninamkumbuka Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Anasimulia kwamba merikebu ilipotia nanga, vijana walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara hakushukia kwingine isipokuwa kwa kijana huyo, labda awe ameshaujua mji na watu wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Watu husema ukarimu wa visiwani ni tabasamu na moyo mweupe. Mimi naona ni sheria ya bandari, kwa sababu mgeni asiye na mwenyeji hana wa kumdhamini.

NAHODHA: Naam, nasi tulidhaminiwa. Mwenyeji wetu alitupeleka katika kisiwa kidogo kilichomo ndani ya mwamba, wanachokiita motu, tukakuta shimo limeshachimbwa mchangani na mawe yamepata moto sawasawa. Walipanga vyakula juu ya mawe, wakafunika kwa majani, kisha mchanga. Kwetu tunapalia makaa juu ya kifuniko ili chakula kipate moto wa juu na wa chini; wao hawana haja ya sufuria wala kifuniko. Kulikuwa na shelisheli, majani ya magimbi katika tui, na pono, ambaye ndiye samaki wao wa biashara, kwani humgandisha na kumpeleka Rarotonga.

MWALIMU: Pono huyu huyu tunayemsingizia usingizi?

NAHODHA: Huyo huyo, na kule hapewi nafasi ya kulala. Lakini kilichonigusa ni nazi. Mama mmoja alikalia kibao chenye meno ya chuma, ungedhani ni mbuzi iliyotoka jikoni kwa mama yangu, akakuna nazi kumi bila kuinua uso. Nikatafuta kifumbu kwa macho, sikukiona. Alichukua nyuzi za makumbi, akazikunja pamoja na machicha, akakamua kwa mkono mmoja, na tui likateremka zito, jeupe. Kisha akapasua nazi iliyochipua akanipa joya, ile nyama laini inayojaa ndani yake. Wenzangu waliligeuzageuza mkononi wasijue ni kitu gani. Mimi nilikuwa nimeshalimaliza, na kuanzia hapo yule mama akawa ananipakulia kwanza.

MWALIMU: Nanyi mlikwenda mikono mitupu?

NAHODHA: Tulikuwa na unga, mchele na mafuta ya injini, kwa kuwa mahali ambapo meli haifiki kwa miezi, unga una thamani kuliko noti. Chakula hakilipiwi, ingawa baharia mwenye akili hajidanganyi kwamba ni cha bure. Wahenga wamesema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa spana, maana injini ya boti ya mwenyeji ilikuwa ikizimikazimika, na fundi wetu alishinda nayo asubuhi nzima mpaka akaona kabureta imejaa chumvi.

MWALIMU: Na siku ya mlo wenyewe iliishaje?

NAHODHA: Haikuisha kwa utulivu. Tulikuwa tumeshaombewa dua ya chakula na tonge la kwanza liko mkononi, mtoto mmoja akapiga kelele akionyesha magharibi, tukaona tanga jipya nje ya mwamba. Mwenyeji wetu aliiacha sahani yake mchangani akakimbilia boti, lakini injini, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijatengenezwa, ilizimika mara mbili, na binamu yake wa familia nyingine akampita akicheka. Alirudi akiwa amelowa, akaketi, akamuuliza fundi wetu kama anajua chochote kuhusu kabureta.