Kweri Ndogo Inayomaliza Prosesa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Swali la leo ni hili: kweri, yaani ombi la data kwenye hifadhidata, inayopigwa kila mara, utajuaje kama inakula prosesa kupita kiasi?

Wengi wetu hukimbilia ile inayochelewa. Ripoti ya usiku inachukua sekunde 40, basi lawama zote zake. Hebu tupige hesabu. Siku ina sekunde 86,400. Hata kama ripoti hiyo ingeshika kori moja, yaani kiini kimoja cha prosesa, sekunde zote 40, haifiki asilimia 0.05 ya siku ya kori hiyo.

Sasa chukueni kweri ya kuhesabu ujumbe ambao mteja hajausoma, inayopigwa kila ukurasa unapofunguliwa. Milisekunde 8 za prosesa, nani atailalamikia? Lakini tuseme inapigwa mara 300 kwa sekunde. Nane mara mia tatu ni 2,400, yaani katika kila sekunde moja inadai sekunde 2.4 za prosesa. Seva yako ina kori 4? Asilimia 60 imekwenda hapo.

Ila nawasihi, msichanganye muda wa kufanya kazi na muda wa kusubiri. Kwenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, fungueni sys.dm_exec_query_stats, penye takwimu za kila kweri. Pale total_worker_time ni muda wa prosesa, na total_elapsed_time ni muda wote tangu kuanza hadi kumaliza, vyote kwa mikrosekunde. Gawanyeni kila kimoja kwa execution_count, idadi ya mara kweri ilizopigwa. Muda wote ukiwa mkubwa kuliko wa prosesa kwa mbali, kweri inasubiri, mara nyingi kufuli (data iliyoshikwa na kazi nyingine) au diski, na ikiwa ni hivyo kununua prosesa nyingine ni kutupa pesa. Mnaotumia hifadhidata ya PostgreSQL muwe waangalifu zaidi: total_exec_time ya pg_stat_statements, takwimu zake za kweri, imejumlisha na kusubiri.

Hiyo ya ujumbe niliikuta kazini. Indeksi, ile orodha ya kutafutia rekodi haraka, ilikuwepo, nzuri kabisa. Kolamu ilikuwa VARCHAR, programu ikawa inatuma NVARCHAR, aina nyingine ya maandishi. Kila ikipigwa, seva inabadili aina ya data rekodi kwa rekodi ndipo ilinganishe, kwa hiyo inapitia indeksi yote, mwanzo hadi mwisho, ili irudishe namba moja! Kwangu hapo ndipo penye "kupita kiasi": kazi inayofanyika haina uwiano na jibu linalotoka. Tulirekebisha aina ya parameta, ile thamani inayotumwa na kweri, upande wa programu, mstari mmoja tu. Indeksi hatukuigusa, seva hatukuiongezea kitu.