Miche ya Bluberi: Siuzi, na Leo Nawaeleza Yote

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za siku nyingi. Nimetoka zamu ya usiku ghalani, nimelala masaa manne, nimefungua simu nakutana na swali lilelile: "Dada, miche shilingi ngapi?" Chini yake mwingine: "Matunda unatuonyesha, miche unaficha." Na wa tatu kaandika kwamba mimi natapeli watu. Huyo wa tatu ndiye aliyenitoa kitandani.

Kwa hiyo naanza na hilo. Sijawahi kuuza mche hata mmoja, wa bluberi, yale matunda madogo ya bluu, wala wa kitu kingine. Kuna mtu kachukua picha yangu, ile ya mwezi wa saba niliyoshika bakuli la njano, kaibandika kwenye ukurasa wake, anauza "miche ya bluberi kutoka Uingereza" kwa shilingi 35,000 mmoja. Mama mmoja wa Mbeya kalipia sita. Kanitumia picha ya alichopokea, nikaikuza pale pale kwenye simu: majani mapana kama kiganja, kingo zina meno kama msumeno. Ndugu zangu, hiyo ni miforosadi! Jani la bluberi ni dogo, halipiti sana urefu wa kidole gumba, limechongoka kidogo mbele, linateleza ukilipapasa. Mkiletewa mche wenye jani la kufunikia kikombe, rudisheni. Yule mama nilimpigia, nikamwomba radhi kwa kosa ambalo si langu, kwa sababu picha ni yangu na mkono ni wangu. Iliniuma sana.

Najua pia watakaokuja kusema najigamba. Nikipost bakuli la bluberi, huku kwetu linaonekana ni maisha ya juu, maana supermaketi za Dar kikopo kidogo kinauzwa bei ya kuku. Siku niliyoweka ile picha kwenye status, ndugu yangu mmoja alinipigia kabla ya jioni kuomba milioni mbili za kuezekea. Mama yangu mwenyewe aliponiona kwenye video aliuliza, "Si zambarau hizo?" Mama, si zambarau, ni jamii nyingine kabisa, lakini nimeelewa kwa nini umesema hivyo. Na nikieleza shida zake, watakuja wengine kusema nalalamika, nirudi nyumbani. Nitaeleza hivyo hivyo.

Naishi Reading, magharibi ya London. Nyumba ni ya kupanga, bustani ni kipande cha nyuma, hatua tisa kwa sita. Nilipotaka kuchimba mashimo manne tu, wakala wa mwenye nyumba alitaka barua, nikaandika. Akataka picha ya mahali, nikatuma. Wiki tano baadaye nikajibiwa kwamba mkataba unasema bustani irudishwe ilivyokuwa, kwa hiyo hapana. Wiki tano kwa neno moja! Nikahamia kwenye vyungu, na baadaye nikagundua ile hapana iliniokoa, maana udongo wa hapa ungewaua wote.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye uzito. Bluberi anataka udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi). Mazao yetu mengi tuliyozoea yanapenda 6 na kidogo. Huyu akipandwa kwenye udongo wenye chokaa, hata uwe na rutuba kiasi gani, anashindwa kunyonya madini ya chuma. Chuma kipo, lakini kimefungwa. Jani linageuka njano, mishipa yake inabaki kijani, kama ramani ya mito kwenye karatasi ya njano. Hiyo ndiyo dalili.

Mimi mwaka 2021 nilinunua vichaka viwili, nikaviweka kwenye vyungu vizuri kabisa, nikawa namwagilia maji ya bomba kila jioni. Maji ya Reading yanatoka kwenye miamba ya chokaa. Fungueni birika langu la umeme mwone, ndani kuna gamba jeupe nalikwangua kwa kijiko. Maji hayo ndiyo niliyokuwa nawanywesha. Mwezi wa sita majani yakawa njano. Nikasema wana njaa. Bibi yangu kule Soni alikuwa akiona mgomba umedhoofika anatupia majivu ya jikoni, na mgomba unainuka. Nikachukua majivu ya mkaa wa kuchomea nyama, nikawapa mikono miwili miwili. Majivu yanapunguza asidi, ndugu zangu. Niliwamalizia kwa mkono wangu. Bibi hakukosea, mgomba si bluberi, na mimi sikuuliza.

Mwaka uliofuata nikaanza upya na vitatu: Duke, Bluecrop na Patriot. Kichaka kimoja kinaweza kuzaa peke yake, ila vikiwa vya aina mbili au zaidi zinazochanua pamoja, tunda linakuwa kubwa zaidi. Udongo nikanunua ule maalumu wa mimea ya asidi, juu nikatandaza magome ya msonobari unene wa vidole vinne. Mizizi yake ni myembamba kama nyuzi, inatambaa juu juu, haina vile vinyweleo vya kunyonyea, kwa hiyo jua likikausha ule udongo wa juu siku mbili, umempoteza. Usimlimie jembe karibu, utamkata mizizi.

Maji nakinga ya mvua. Nimeweka mfereji kwenye paa la kibanda, unaingia kwenye pipa la lita 200. Wengi mnacheka mkisikia mtu yuko Uingereza anakinga mvua kama tulivyokuwa tunakinga kwa masufuria utotoni. Ndiyo, nakinga, na nikisikia radi natoka nje kuangalia kama mfereji umeziba. Kiangazi cha 2025 pipa liliisha, na hapa mkoani kwetu Berkshire tukapigwa marufuku kutumia mpira wa maji. Nikabeba maji ya bomba kwa ndoo. Kwa wiki chache anavumilia, ukavu ndio hasamehe.

Mbolea nampa ile ya mimea ya asidi, kidogo, mwezi wa nne. Samadi mbichi na majivu hapana. Mnaoniandikia habari za makapi ya kahawa: yakishachujwa, asidi nyingi imeshaingia kwenye kikombe chako. Tandaza ukipenda, lakini usiyategemee kubadilisha udongo. Anayetaka kushusha pH kwenye shamba anatumia salfa ya unga, na hiyo inafanya kazi kupitia bakteria wa udongoni, taratibu, kwa miezi. Unaiweka mwaka mmoja kabla, hupandi kesho yake.

Kupogolea ni mwezi wa pili au wa tatu, kichaka kikiwa kimelala. Jicho nene lililovimba ni la maua, jembamba lililobana kwenye tawi ni la majani. Tunda linakuja kwenye tawi lililokua mwaka jana. Miaka mitatu ya kwanza usikate sana, baadaye toa matawi ya zamani yaliyochoka, moja au mawili, chini kabisa. Na mwaka wa kwanza, maua yote nyofoa. Nilinyofoa huku roho inaniuma. Yale maua ni kama vikengele vidogo vyeupe vimeinamisha midomo, na wanakuja nyuki wakubwa wenye manyoya, wananing'inia na kutetemeka mpaka poda inamwagika. Nilijiona mkatili. Lakini nguvu ikaenda kwenye mizizi.

Kuchuma nako kuna kosa. Likiwa la bluu si kwamba limeiva. Ligeuze uangalie pale liliposhikana na kikonyo: kukiwa na duara la wekundu, acha siku nne tano, maana ukishalichuma halitaongeza utamu. Lililoiva ukiligusa kwa gumba linajiviringisha lenyewe kiganjani, na lina unga mweupe juu. Unga huo si dawa, ni nta yake, msiusugue. Mwaka jana vitatu vilinipa kilo nne kasoro, baada ya wavu. Mwaka wa kabla yake, bila wavu, ndege weusi walikula asubuhi moja nilipokuwa kazini.

Mtaniuliza gharama. Kichaka kimoja paundi 13, mfuko wa udongo paundi 9 na kila chungu kinakula mfuko mzima na zaidi, pipa nilipata la mitumba. Si hela ya kutisha. Lakini baadaye nilikuwa naongeza muda wa viza ya familia, miaka miwili na nusu, na ile tozo ya afya wanayotozwa wahamiaji peke yake ni paundi 1,035 kwa mwaka, unalipa yote mkupuo: 2,587 na peni 50. Ada ya maombi ni pembeni, nauli ya kwenda kupigwa alama za vidole ni pembeni. Nyaraka yangu moja ilirudishwa kwa sababu jina la kijiji lilikosewa herufi moja kwenye cheti. Usiku niliojaza zile fomu mpaka saa tisa, asubuhi yake nilitoka nje na kikombe cha chai nikasimama tu pale kwenye vyungu. Simwelezi mtu kwa nini natumia paundi 13 kwenye kichaka. Ndiyo sababu.

Sasa lile la "weka mche kwenye begi ukija". Haiwezekani, na sitafanya. Mmea wa kuingia Tanzania unahitaji kibali cha kuingiza kinachopatikana kabla, kutoka mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na huku lazima ukaguliwe upewe cheti cha afya ya mimea. Mche mmoja wa begini unaweza kuingiza ugonjwa shambani kwa jirani yako. Na mbegu za ndani ya tunda hazikupi mzazi wake. Aina hizi huzalishwa kwa vipandikizi.

Hata huku kilimo hiki hakikuanza jana. Mwaka 1949 mchungaji mmoja wa kanisa huko British Columbia, Canada, alitangaza kutoa miche 80 bure kwa Mwingereza yeyote atakayejaribu. Mkulima wa Dorset, kusini mwa Uingereza, David Trehane, aliomba, akapata, na kilimo cha bluberi hapa kilianzia kwenye miche ile. Dorset kuna nyika zenye udongo wa asidi. Huyo mtu alikuwa na udongo wake kabla ya kuwa na mche.

Na miche yangu hata ikifika itawasumbua. Bluecrop anahitaji takriban masaa 800 ya baridi chini ya nyuzi 7 ndipo azae vizuri. Masaa hayo Morogoro utayatoa wapi? Zipo aina zinazohitaji baridi kidogo, Biloxi kwa mfano, iliyowahi kuenea sana Peru, na nyanda za juu za Kenya kuna mashamba ya bluberi. Kwa hiyo anayeuliza kwa dhati, aangalie panapostawi chai. Chai nayo inataka asidi ileile. Mufindi, Njombe, Rungwe, Bumbuli, Kericho, Limuru. Sisemi mkapande. Kila mtu na udongo wake, na mfuko wake, na mimi si bwana shamba. Nasema pimeni kwanza, na anayewauzia mwulizeni jina la aina na kitalu ilikotoka. Akisema "bluberi ya kizungu" tu, wekeni simu chini.

Shangazi yangu wa Bumbuli nilimpelekea kipimo cha pH kwa mkono wa mtu mwezi uliopita, kile cha chupa na unga. Juzi kachukua udongo kando ya chai yake, kachanganya, kanitumia picha ya kichupa kakiegemeza kwenye dirisha: rangi ya machungwa inayoelekea njano, tano na kidogo. Nikamwomba arudie sehemu mbili nyingine, akanijibu, "Mwanangu, mvua inanyesha, kesho." Nangoja hiyo kesho. Ngojeni nami nikafunge wavu, ndege wameshaanza kutua kwenye uzio.